Mwili Usipoitika Hodi: Utatuzi wa Hitilafu za Ujumbe wa Seli

Malalamiko yanayofika kwenye kaunta yangu ya dawa hapa Majengo, Mombasa, ni mengi, lakini ukiyachuja hubaki yaleyale. "Nimedunga, sukari haishuki." "Pampu nabonyeza, kifua hakifunguki." "Mtoto anaendesha maji matupu." Kila mmoja huja akitaka dawa kali zaidi. Mara nyingi aliyonayo inatosha. Kilichokwama ni ujumbe.

Seli moja ikitaka jambo kwa nyingine hutoa molekuli, iwe homoni au kemikali ya neva. Molekuli hiyo husafiri na damu, au huvuka upenyo mwembamba tu, hadi ikute kipokezi: protini iliyokaa, mara nyingi, kwenye utando wa seli, yenye umbo linaloikubali hiyo na kuzikataa nyingine. Ni kama mgeni anayepiga hodi. Yeye habanduki barazani, ila hodi yake hufika ndani na wenyeji wakaanza kupishana, huyu afungua dirisha, yule ateleka chungu. Mmarekani Earl Sutherland alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1971 kwa kazi yake juu ya homoni, na ndiye aliyegundua mmoja wa wapashaji habari wa humo ndani, molekuli ndogo iitwayo cAMP. Tutakutana nayo mara mbili leo, mara ya kwanza ikiwa rafiki, mara ya pili ikiwa balaa.

Kwa hiyo katika kila tatizo hapa chini tunauliza maswali yaleyale. Ujumbe ulitumwa? Uliharibika njiani? Mlango upo, au umezibwa? Wa ndani wanasikia? Na baada ya kusikia, ujumbe ulizimika? Tunaanza na yanayoweza kukaguliwa nyumbani. Dawa uliyoandikiwa usiiache wala usiiongeze kwa sababu umesoma haya.

Nadunga insulini lakini sukari haishuki

Jambo la kwanza ninaloangalia hapa Pwani ni kama insulini yenyewe bado ni nzima. Insulini ni protini. Joto huiharibu umbo taratibu, kuganda huiharibu mara moja, na ikishapoteza umbo kipokezi hakiitambui tena. Kichupa ambacho hakijafunguliwa hukaa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8. Kilichofunguliwa, kwa aina nyingi, hustahimili joto la chumba kwa wiki 4 hivi, ila chumba kinachosemwa kwenye karatasi ile ni cha chini ya nyuzi 30, na nyingine husema 25. Chumba cha Mombasa mwezi wa Machi, chini ya bati, si hicho.

Bi mkubwa mmoja alikuja na sukari ya 19 (vipimo vyangu vyote hapa ni vya mmol/L). Akafungua fundo la leso, akatoa kikopo cha siagi kilichojaa barafu, na katikati ya barafu kichupa. "Mwanangu, hii naitunza kuliko macho yangu. Naitia kwenye friza." Nikakiinua mwangani. Ilikuwa insulini ya maji maangavu, ile isiyotakiwa kuonyesha kitu ndani, na chini yake kulikuwa na vijipande vyeupe mithili ya machicha ya nazi. Nikamwambia, "Mamangu, hii imeganda ikafa." Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama akiipasha moto kidogo itarudi. Hairudi.

Basi kagua hivi. Kama yako ni ya maji maangavu, isiwe na ukungu wala chembe. Kama ni ile nyeupe ya mchanganyiko, ibiringishe baina ya viganja mara 10 bila kuitikisa, nayo iwe nyeupe sawasawa kama tui. Ikibaki na mabonge au ikashika kuta za kichupa, itupe. Angalia tarehe. Kumbuka ulikifungua lini. Usiye na friji, au ambaye umeme wake hukatika kila mara, tumia chungu ndani ya chungu, katikati mchanga uliolowa, na kichupa ndani ya mkebe mkavu. Unyevu wa hewa yetu hukipunguzia chungu hicho nguvu ya kupoza ukilinganisha na bara kukavu, lakini ni afadhali mara kumi kuliko juu ya kabati.

Dawa ikiwa nzima, njoo kwenye ngozi. Papasa mahali unapodunga. Wengi wana upande waliouzoea, na pale pamefanya uvimbe laini wa mafuta usiouma. Sindano ya hapo hainyonywi inavyotakiwa: leo inachelewa, kesho inaingia yote kwa mpigo. Hama, umbali wa vidole viwili kutoka ulipodunga jana, na usiurudie uvimbe. Ukihama, pima sukari mara nyingi zaidi siku za mwanzo, kwa sababu dozi ileile sasa itafika yote.

Ya tatu ni adui wa pembeni. Homa, jipu, jino bovu au kidonda cha mguu huufanya mwili umwage kotisoli na adrenalini, homoni zinazoliamuru ini litoe sukari. Insulini inasema shusha, hao wanasema pandisha. Vidonge vya prednisoloni, dawa inayoigiza kotisoli, hufanya vivyo hivyo. Chakula nacho kipo, sitakificha, lakini watu huanza kujilaumu kwa mahamri mawili kabla ya kukitazama kichupa.

Ya mwisho ndiyo ya ndani kabisa. Insulini ikishika kipokezi chake, sehemu ya kipokezi iliyo ndani ya seli huanza kubandika fosfati kwenye protini za jirani, nazo kwa nyingine, hadi amri ifike kwenye vifuko vilivyobeba milango ya glukosi iitwayo GLUT4. Vifuko vinapanda kwenye utando, milango inajipanga, sukari inaingia kwenye msuli. Kwenye kisukari cha aina ya 1 seli za kongosho zinazotengeneza insulini zimeangamizwa, kwa hiyo hodi haipigwi kabisa; ukidunga, mnyororo wote unaitika. Kwenye aina ya 2 hodi inapigwa, pengine kwa kelele, lakini mnyororo wa ndani umekuwa mzito. Kuongeza insulini ni kuongeza kelele. Husaidia, na pengine hakuna budi, lakini kuna mlango wa uani: msuli unapofanya kazi huipandisha GLUT4 wenyewe, bila kungoja insulini. Ndiyo maana matembezi ya nusu saa baada ya chakula hushusha sukari. Nenda ufukweni Lighthouse jioni, upepo bure. Mfuko wa mihogo ya kukaanga uuache palepale kwenye karai.

*Acha kujitibu, nenda hospitali:* sukari iko juu na mgonjwa anatapika, anapumua kwa nguvu na kwa kina, pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, au amechanganyikiwa. Mwenye aina ya 1 asiache insulini ati kwa sababu hajala. Na ikishuka chini ya 4, mpe vijiko vidogo 3 hadi 4 vya sukari kwenye maji, upime tena baada ya dakika 15. Aliyezimia usimtie kitu kinywani.

Pampu ya pumu nabonyeza, kifua hakifunguki

Kwanza, pampu imeisha. Zile za kawaida za salbutamoli zina mivuto 200, kisha huendelea kutoa gesi yenye sauti ileile bila dawa. Kuielesha kwenye maji si kipimo, hesabu mivuto. Pili, dawa inaishia kooni. Mtu anabonyeza, kisha ndipo anakumbuka kuvuta. Itikise, toa pumzi, anza kuvuta taratibu ndipo ubonyeze, zuia pumzi ukihesabu 10. Kwa mtoto, na kwa mkubwa aliyeshikwa vibaya, tumia spesa, kile chombo kinachokaa kati ya pampu na mdomo. Kama huna, chupa safi ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa tundu linalobana mdomo wa pampu hufanya kazi hiyo vizuri kabisa.

Tatu, kinachochokoza hakijaondoka. Nataja moja tu kwa sababu hatupendi kulitaja: udi na ubani. Chumba kimefukizwa, madirisha yamefungwa ili harufu ishike, na mtoto wa pumu amelala humo.

Ukipita hapo, unaingia kwenye vipokezi. Salbutamoli inaigiza adrenalini. Inakamata kipokezi cha beta-2 kwenye msuli unaozunguka njia za hewa, kipokezi kinaiwasha protini G, tarishi aliye upande wa ndani wa utando, protini G inaamuru cAMP itengenezwe, na cAMP ikiongezeka msuli unalegea. Yote hayo ndani ya dakika chache. Lakini kipokezi kinachogongwa kutwa huchoka: seli hukivuta ndani, na kikizidi kugongwa hukivunja. Ndiye yule anayesema, "Zamani mivuto miwili ilinitosha, sasa sita hainitoshi." Isitoshe, salbutamoli hulegeza msuli tu, uvimbe na makamasi ya njia za hewa haivigusi.

Kazi hiyo ni ya pampu ya steroidi, ile ambayo wateja hunirudishia wakisema haifanyi kitu. Hufanya, ila kwa njia nyingine. Steroidi huyeyuka kwenye mafuta, hupenya utando bila hodi, hukuta kipokezi chake ndani ya seli, na wawili hao huingia kwenye kiini kubadilisha jeni zipi zisomwe. Kusoma jeni na kutengeneza protini si kazi ya dakika, ni ya siku hadi wiki. Na miongoni mwa zinazotengenezwa ni vipokezi vipya vya beta-2. Yaani pampu isiyofungua kifua leo ndiyo inayoirudishia ile nyingine milango yake. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu haupendekezi tena mtu mzima kutibiwa kwa salbutamoli peke yake. Ukiona unaihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki, rudi kliniki.

Sababu adimu lakini ya hatari ni mlango uliozibwa na dawa nyingine. Propranololi, ya presha au ya kutetemeka mikono, hukaa juu ya kipokezi kilekile bila kukiwasha. Matone ya macho ya timololi nayo hufanya hivyo. Tone la jicho kufunga kifua watu hawaamini, lakini hunyonywa likaingia kwenye damu. Mwambie anayekutibu dawa zako zote, na za macho pia.

*Usingoje:* mgonjwa hamalizi sentensi kwa pumzi moja, mbavu zinabonyea, midomo imekuwa ya samawati, au kifua kilichokuwa kikilia kimenyamaza ghafla. Kunyamaza huko si nafuu. Mpe mivuto 4 hadi 10 kwa spesa, mmoja baada ya mwingine, urudie kila dakika 20 mkiwa njiani. Wa Likoni, hesabuni na muda wa feri. Ondokeni mapema kuliko mnavyodhani inafaa.

Anaendesha maji kama ya kuoshea mchele

Kuhara kwingi si kipindupindu. Kwa watoto ni virusi mara nyingi zaidi, na kwa wakubwa chakula kilicholala. Wapo pia bakteria wa E. koli wanaotoa sumu inayofanana sana na ya kipindupindu. Kwa matibabu ya saa ya kwanza tofauti hiyo haina maana, maana kinachoua ni ukavu.

Ila kipindupindu ni kisa ambacho ningekifundisha kila mwenye seli. Mwaka 1959 huko Kolkata, Sambhu Nath De alionyesha kwa matumbo ya sungura kwamba vijidudu wenyewe si lazima wawepo, sumu yao peke yake inatosha kuyajaza maji. Sumu hiyo ina vipande vitano vinavyong'ang'ania molekuli fulani juu ya seli za utumbo, na kipande cha sita kinachopenyezwa ndani. Humo ndani hakivunji kitu. Kinaikuta protini G, ya aina ileile ya kwenye pumu, na kuifunga ikiwa imewashwa. Hakuna hodi tena, hakuna mgeni, lakini nyumba nzima inakimbizana. cAMP inarundikana, mifereji ya kloridi inaachama, kloridi inatoka na maji yanafuata. Mtu mzima anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa.

Sasa uzuri wake. Katika seli hizohizo kuna mlango mwingine unaoingiza sodiamu na glukosi kwa pamoja, na sumu haiugusi. Ukimpa mtu maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo, mlango huo huvuta vyote viwili na maji yakafuata ndani. Swichi iliyokwama hatujaitengeneza. Tumepitia kwingine hadi seli zile zing'oke na mpya zishike nafasi, jambo ambalo utumbo hulifanya kwa siku chache.

Kwa hiyo pakiti ya ORS, yaani chumvi na sukari iliyopimwa tayari, na usome imeandikwa ni ya lita moja au nusu lita. Ukiikosa: maji salama lita 1, sukari vijiko vidogo 6, chumvi nusu kijiko kidogo, vyote vya kusawazisha, si vya kilima. Tumia maji matamu. Mtaani maji yakikatika tunanunua ya mkokoteni, na mengine ni ya kisima cha chumvi. Hayo ukiyatia chumvi tena umepindukia, na mtoto atazidi kukauka. Kuyachemsha huua vijidudu lakini chumvi inabaki palepale. Soda ina sukari nyingi mno, itazidisha kuhara. Na dafu, najua nitagombana na akina mama: dafu lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na mgonjwa huyu anapoteza sodiamu. Anywe akipenda, lakini si badala ya ORS. Mtoto apewe na zinki kwa siku 10 hadi 14, na anayenyonya aendelee kunyonya.

Vidonge vya kufunga tumbo vya loperamidi hugusa vipokezi vya opioidi vya utumbo na kuupunguza mwendo. Maji yanayomwagika hayazuiliki kwa hilo, yanafichika tu. Mtoto usimpe.

*Hospitali mara moja:* macho yamedidimia, ngozi ya tumbo ukiibana inarudi polepole, hakojoi, analia bila machozi, amelegea, au anatapika kila unachompa. Hapo ni maji ya mshipani. ORS iendelee njiani, kijiko kwa kijiko.

Kahawa hainiamshi tena

Hili si la dharura, lakini naulizwa na wazee wa barazani kuliko yote. Kadiri ulivyo macho, ndivyo adenosini inavyorundikana kwenye ubongo na kukaa kwenye vipokezi vinavyoleta usingizi. Kafeini huketi kwenye viti hivyo bila kuamuru chochote, adenosini ikakosa pa kukaa. Ubongo ukiona viti vimekaliwa kila siku huongeza viti. Ndipo kikombe kimoja cha kahawa tungu kikawa vitatu, na siku muuzaji na dele lake asipopita, kichwa kinagonga. Punguza kikombe kimoja kila siku chache, usikate ghafla. Kafeini huhitaji saa 5 hivi kupungua nusu, kwa hiyo ya baada ya isha bado imo usiku wa manane. Ukiacha na uchovu ukabaki mwezi mzima, pima damu na tezi ya shingo. Kubadilisha kwa muguka, yale majani ya jamii ya miraa, si dawa. Ule unasukuma dopamini, kemikali nyingine ya ubongo, na ni mlango mwingine wenye deni lake.

Nameza dawa ya tezi, bado nimechoka na nanenepa

Karibu kila mara ni chai. Kidonge cha thairoksini humezwa kwa maji, tumbo tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai ya maziwa. Vidonge vya madini ya chuma na vya kalsiamu vikae mbali nacho kwa saa 4. Homoni hii nayo hufanya kazi kwenye kiini cha seli na huondoka mwilini polepole, kwa hiyo usiihukumu kwa wiki moja; damu hupimwa tena baada ya wiki 6 hivi. Mapigo ya moyo yakienda mbio au kifua kikiuma, mwone daktari siku hiyohiyo.

Jasho, mate na machozi baada ya kupuliza dawa ya kunguni

Hapa usianze na sababu, anza na kumtoa nje. Kisha nitaeleza.

Mvue nguo, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, nywele pia, nawe ukiwa umevaa glavu au umefunga mikono. Usimtapishe. Maziwa tunayokimbilia sote si kiuasumu. Akiwa na mboni ndogo kama ncha ya pini, mate yanayotiririka, kuhara, misuli inayocheza yenyewe au pumzi yenye kukoroma, hiyo ni hospitali kuu, na hakuna unachoweza kununua kwangu kikafaa.

Mwaka 1921, mwaka uleule ambao insulini iligunduliwa Toronto, Otto Loewi kule Graz aliuchochea mshipa wa neva wa moyo wa chura hadi mapigo yakapungua, akachukua maji yaliyouzunguka na kuyamwagia moyo wa pili. Nao ukapunguza mwendo. Kemikali ile ni asetilikolini, ndiyo inayobeba amri za neva kwenda kwenye misuli na tezi. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Mwilini ni kinyume: huyu huuawa papo hapo akishafikisha, na kimeng'enya kilicho palepale kwenye upenyo, ili msuli usikie amri moja kama moja. Dawa za wadudu za jamii ya oganofosfati hukishika kimeng'enya hicho. Mjumbe anabaki mlangoni akipiga hodi bila kukoma, tezi zinamwaga, mapafu yanajaa, misuli inachoka kwa amri hadi ile ya kupumulia inasimama. Atropini wanayodunga hospitalini hukaa kwenye baadhi ya vipokezi vya asetilikolini na kuziba hodi, mara nyingi kwa dozi kubwa na za kurudiarudia, ndiyo maana ni kazi ya wenye vifaa.

Sababu ninayoiona zaidi ni dawa ya shamba iliyouzwa mtaani kwenye chupa ya maji ya kunywa, bila lebo, ikapulizwa kwenye godoro na watu wakalala juu yake jioni hiyo. Nadra zaidi ni mtoto aliyeikuta chini ya kitanda akainywa. Kwa vyovyote, chupa ichukue uende nayo, hata kama haina maandishi. Ifunge vizuri na usiinuse. Daktari ataitaka kabla hajakuuliza jina.